Mkamwana Wangu na Dirisha la Bima

Jumatatu, 4 Mei

Upepo wa Singida umerejea na desturi zake. Nimekunywa uji wa uwele nikiwa nimesimama, mkao nilioutumia kuhutubia shule nzima kwa miaka yote ya ualimu mkuu. Waheshimiwa, hali si mbaya. (Niko peke yangu. Lakini hoja nzuri haisubiri wasikilizaji.)

Mwanangu Joshua amepiga simu kutoka Mkalama, anakonunua vitunguu. Ameuliza kama nilimwandikisha mkewe bima ya afya, kama alivyoniomba kabla ya mvua. Nikamjibu kwa utulivu kwamba suala hilo liko katika hatua nzuri. Si uongo. Kutoanza nako ni hatua, na yangu ni nzuri kwa kuwa haijaharibika popote.

Kwa faida ya vizazi vijavyo niseme kwamba nilishauri tusubiri. Nilitamka mbele ya mkutano wa mtaa, hapahapa Utemini, kwamba mimba si maradhi, na kwamba wanawake wa kwetu Sepuka walizaa bila kadi, wakaamka, wakaenda shamba. Makofi yalikuwa mengi. Sasa mimba imekomaa na makofi yamekwisha. Mke wa Joshua anatembea akishika ukuta. Kliniki wamesema presha yake inapanda, asithubutu kujifungulia nyumbani, na mtoto huenda akahitaji uangalizi maalumu. Uangalizi maalumu! Maneno mazuri. Ila yana gharama, na gharama hiyo inaweza kuimeza nyumba hii pamoja na bati lake.

Tena haifai nimwulize mwenyewe. Nyumbani kwetu baba mkwe hamtaji mkamwana kwa jina, wala hasemi naye ana kwa ana. Ndiyo heshima tuliyorithi. Kwa hiyo mimi husema na mbuzi aliyefungwa uani, ambaye nimempa jina la Katibu, na mke wa Joshua hujibu kwa njia hiyohiyo. Leo nimemjulisha Katibu, kwa sauti ya kufika jikoni, kwamba bima inashughulikiwa na watu wenye uzoefu. Kutoka jikoni, Katibu akaombwa amweleze baba kwamba tangu mwaka jana yeye na jirani, Mama Sultani...

Nikakatiza. Nilikuwa sijafika kwenye hitimisho.

Jumanne, 5 Mei

Mpango umepatikana! Ni rahisi, kama mipango yote mikubwa.

Mimi nina bima ya mstaafu. Inanihudumia mimi na mwenzi wangu. Mwenzi wangu, Eliza, tulimzika mwaka juzi. Nafasi yake sijaifuta. Kadi iko kabatini, imeviringwa katika kitenge chake cha kwaya, na kitenge bado kina harufu ya sabuni aliyoipenda. Mwanamke mmoja ana kadi na hana haja nayo. Mwingine ana haja na hana kadi. Hata mwanafunzi wa darasa la pili angeona jibu.

Jioni nilikaa muda mrefu na kile kitenge. Nikamkumbuka alivyokuwa tulipooana. Tuliishi katika tembe la baba yangu, paa la udongo, mvua ikinyesha tunahamisha kitanda. Mwanamke alipojifungua, wenzake walikuja wamejitwisha kuni, vibuyu vya maziwa ya mgando, unga wa uwele. Hakuna aliyeulizwa kitambulisho. Jogoo alichinjwa, mzazi akanywa mchuzi, wanaume tukakaa nje ya ua tukijifanya hatusikilizi. Bima yetu ilikuwa ile safu ya wanawake wakishuka mlimani na kuni kichwani, ukawasikia wakiimba kabla hujawaona.

Nimemwagiza Katibu amtaarifu mhusika ajiandae. Kesho kliniki. Dirishani nitasema mimi.

Jumatano, 6 Mei

Sina budi kuandika, ingawa kalamu inaona haya.

Tulifika mapema. Nilikaa mwisho wa benchi moja, mke wa Joshua mwisho wa lingine. Muuguzi akatangaza kwamba waliosindikizwa na waume zao watangulie. Kila jicho likanigeukia. Mama mmoja mwenye mtandio wa njano akasema kwa sauti kwamba mzee huyu apewe nafasi, jeshi la akiba halijastaafu. Mwingine akauliza ninakula mlenda wa wapi hata nikabaki na nguvu hizo. Benchi zima likacheka hadi mbao zikalia. Mimi! Kudhaniwa mume wa mkamwana wangu! Huko Sepuka ningelipishwa beberu na kondoo, na wazee wangekula bila kunikaribisha.

Nikaikabidhi kadi dirishani, nikaketi, nikakunja mikono kwa heshima ya ofisi.

Likaitwa jina. Eliza Mughwai.

Sikutarajia. Jina lile lilipita juu ya vichwa vya watu kama linavyopita langoni mtu anapoitwa chakula kimeiva. Nikasimama mimi.

Akatoka muuguzi Flora, niliyemfundisha darasa la tano, mwenye hati nzuri na hesabu mbaya. Akapiga goti, akanipa shikamoo, akanivuta kando nyuma ya mlango. Akasema kwa sauti ya chini kwamba Mwalimu, mimi nilikuwa kwaya siku ya kumzika mama. Tuliimba mpaka tukakaukiwa, kwa sababu wewe ulikuwa bado unazungumza. Akanirudishia kadi kwa mikono miwili. Akaniomba niiweke mfukoni kabla haijaonwa na mtu asiyenifahamu, kisha nikatoe taarifa panapohusika, ili mama apumzike vizuri.

Nilimshukuru kwa niaba ya familia.

Niligeuka nimtafute mke wa Joshua. Kumbe alikuwa ameshapimwa kupitia mlango mwingine, yuko nje ananisubiri na dawa zake mkononi. Sikuuliza kwa utaratibu gani. Kiongozi haulizi jambo lililokwisha kwenda vizuri.

Ijumaa, 8 Mei

Siku ya kujishusha. Nimemwendea Mselemu.

Mselemu ni jirani yangu, mwenye mashine ya kukamua alizeti. Baba yake alitokea Tabora, kwa watani wetu, kwa hiyo anajipa haki ya utani nami asubuhi na jioni. Mkamwana wake, Hajira, naye ni mjamzito. Mselemu amewakatia bima watu wote wa nyumba yake, na hawezi kunywa chai bila kulitaja jambo hilo.

Nilimkuta ametoka sala ya Ijumaa, kanzu nyeupe, amekaa juu ya gunia la mashudu kama sultani wa kweli. Nikatoa hotuba fupi kuhusu ujirani mwema tangu enzi za mababu. Nikaeleza kwamba kadi ya kaya ina nafasi, kwamba yake haijajaa, na kwamba si vibaya mke wa Joshua akaandikwa humo kwa muda, kama mgeni.

Mselemu alicheka hadi akashuka guniani. Akauliza, sasa mimi Mnyaturu nimeanza kukodisha wakamwana? Akasema akimwandika yule kwenye kaya yake itabidi amtolee mahari, na mkewe, Mama Sultani, atamkamua yeye mwenyewe kwa mashine ileile. Kisha akakohoa, akawa mtu mzima. Akasema Mwalimu, acha mzunguko, ofisi ya kata ipo, nenda Jumatatu utaje jina lake kama watu wote. Mama Sultani, aliyekuwa anaanua nguo, akafungua mdomo kuongeza kitu. Mumewe akamwashiria anyamaze, huku akitabasamu kwa namna isiyonipendeza.

Wakati wa kuaga akanipa chupa ya mafuta ya kumpaka mtoto atakapozaliwa. Nimeipokea kwa niaba ya mtoto tu.

Jumatatu, 11 Mei

Ofisi ya kata. Suti ya kijivu. Tai.

Foleni ilikwenda vizuri hadi nilipofika mimi. Mwandikishaji, kijana mpole mwenye miwani, akaniuliza jina la anayeandikishwa.

Hapo ndipo nilipotambua upungufu wa mpango.

Nikamjibu kwamba ni mke wa Joshua. Akasema sawa, ila jina lake? Nikasema ni binti wa watu wa Iramba, mrefu, mpole, anajua kupika. Akasema mfumo hauna sehemu ya mapishi. Nikamweleza, kwa ustaarabu na kwa mifano, kwamba kinywa cha baba mkwe hakitamki jina hilo. Akapata wazo. Akanisogezea karatasi, niandike. Wazo si baya kwa umri wake. Lakini kuandika ni kutamka kwa mkono, na mkono huu ndio ulioandika majina ya nusu ya wilaya ubaoni. Ningemdanganya nani?

Nyuma yangu mzee mmoja akaniunga mkono, akasema hata yeye mkamwana wake hamtaji, anamwita “yule”. Kijana akauliza kwa huzuni kama nina mtu yeyote nyumbani anayeweza kumtaja. Nikasema Katibu. Akasema basi Katibu aje.

Nikatoka kichwa juu.

Uamuzi: Joshua atakuja Jumamosi, atamtaja mkewe mwenyewe. Hadi hapo, mtoto asizaliwe.

Jumanne, 12 Mei

Utekelezaji umeanza. Marehemu Eliza alikuwa akiwahimiza wajawazito watembee, wafagie, wachuchumae wakichambua mboga, ili njia ifunguke. Kwa hiyo nimegeuza kila kitu. Nimeficha ufagio juu ya dari. Nimeufunga mlango wa bustani ya mchicha. Nimemtangazia Katibu kwamba kuanzia leo hakuna kuchuchumaa katika ua huu.

Kutoka barazani, Katibu akaulizwa kama baba ana homa. Kisha akaombwa amwambie baba, tafadhali, asikilize mara moja tu, kwamba habari ya bima...

Nikamjulisha Katibu kwamba mambo ya bima yasimtie mama mjamzito presha, yako mikononi mwa wanaume.

Halafu nikasikia kicheko, chembamba, cha mtu anayeshika tumbo. Eliza alikuwa akinicheka hivyohivyo.

Jumatano, 13 Mei

Naandika kwenye benchi la hospitali. Msomaji asamehe hati.

Ilianza wakati nikimlisha Katibu. Sauti kutoka jikoni ikamwomba amwambie baba uchungu umeanza. Nikamjibu Katibu kwamba hilo haliwezekani, ratiba ni Jumamosi. Mke wa Joshua akatokea mlangoni. Uso wake umevimba, jasho linamtoka, anasema anaona nyotanyota. Hakumtazama Katibu. Alinitazama mimi. Akasema, “Baba, acha mbuzi. Tafuta gari.”

Katika miaka yake minne nyumbani kwangu hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwangu.

Nilikimbia. Nilikuwa nimesahau kwamba bado najua kukimbia. Mselemu alikuwa anapakia mashudu kwenye kirikuu, kigari chake cha mizigo. Hakuuliza, hakutania. Akamwaga magunia chini, akatandika turubai, Mama Sultani akapanda nyuma na kumpakata mke wa Joshua kichwa. Njia nzima Mselemu alipiga honi kama bwana harusi.

Wauguzi wakamchukua kwa kitanda cha magurudumu, Mama Sultani akifuata. Mselemu akaenda kuegesha. Nikabaki mimi na dirisha la mapokezi.

Dada wa mapokezi akauliza jina la mgonjwa.

Nikasema mke wa Joshua. Akasema mzee, hapa wake za kina Joshua ni wengi, nitajie jina nifungue faili, daktari anasubiri kumpeleka chumba cha upasuaji. Nikasema mkamwana wangu. Nikasema mama wa mjukuu wangu. Nikasema yule aliyepita sasa hivi akilia. Nyuma yangu watu wakaanza kunung’unika. Sauti ya mwanamke ikapaa kwamba mzee, taja basi tusogee, jina halina pilipili!

Nikaona tembe la Sepuka. Nikamwona Eliza, mdogo, amelala juu ya ngozi, na mimi nje ya ua nikijifanya sisikilizi.

“Rebeka,” nikasema. Kisha, kwa kuwa lilitoka dogo, nikalirudia kwa sauti ya gwaride: “Rebeka Laurenti!”

Ukumbi mzima ukanigeukia. Nadhani wengine walidhani wameitwa.

Dada akabonyeza vitufe vyake. Akasema huyu yumo. Nikamwuliza yumo wapi. Akasema kwenye bima. Ameandikishwa tangu mwaka jana kupitia kikundi cha akina mama cha Utemini, kadi yake iko hai, nenda kaketi mzee wangu, hakuna shida.

Nimeketi.

Mselemu amekuja na chai ya rangi kwenye kikombe cha plastiki. Nikamwuliza kama alijua. Akasema Mama Sultani ndiye mwenyekiti wa kikundi, Rebeka ndiye mweka hazina, na mtaa mzima unajua isipokuwa mimi na Katibu. Na kuhusu Katibu hana uhakika.

Alhamisi, 14 Mei

Mtoto wa kike. Amezaliwa kwa upasuaji. Njiti. Ameletwa ulimwenguni kabla ya wakati wake, mdogo kama kinu cha kutwangia kitunguu saumu. Hapumui vizuri. Wamemweka katika chumba cha joto, na mrija mwembamba wa oksijeni puani. Niliruhusiwa kutazama kupitia kioo. Mashine zinawaka taa za kijani. Kila kitu pale kinalipiwa na kadi ambayo mimi sikuikata.

Sasa niandike jambo ambalo sijaliandika kokote.

Kabla ya Joshua tulikuwa na mwingine. Alizaliwa Sepuka, msimu wa kuvuna uwele, naye njiti. Bibi mkunga alimviringa kwa pamba, akamweka karibu na mafiga, akampulizia. Wanawake walikuja na kuni, na vibuyu, na unga, kama nilivyosimulia. Waliimba kweli. Kulipopambazuka walikuwa wameacha. Hatukuwa tumempa jina, kwa hiyo hatukuwa na la kumtaja. Juma lililofuata Eliza alirudi shamba kufukuza ndege. Alipofika mpakani mwa shamba alikuwa akisimama kidogo, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, kisha anaendelea.

Nikisema mikutanoni kwamba zamani walizaa bila kadi, ni kweli walizaa.

Jioni nilimwona Rebeka wodini. Katibu, kwa sababu zilizo nje ya uwezo wetu, hakuwepo. Nikamwambia mti wa dripu kwamba poleni na hongera. Akatabasamu, macho yamefumba. Akasema amesikia nilimtaja, hata wodi ya mifupa wamesikia.

Jumapili, 24 Mei

Mjukuu wangu anapumua mwenyewe! Mrija umetolewa. Sasa anabebwa kifuani, ngozi kwa ngozi, kama kifaranga chini ya bawa. Rebeka akichoka, Joshua anavua shati na kumpokea. Amekuja akinuka vitunguu, wakamwosha kwanza. Katika enzi zetu mwanamume aliyefanya vile angesimuliwa kila kijiji hadi Unyambwa. Nilimtazama mwanangu amekaa kimya na kile kitu kidogo kikipumua kifuani pake. Nikaona wivu, wivu wa kizee, usio na pa kwenda.

Wamempa jina Klara, la mama yake Rebeka. Mimi nilipendekeza mengine. Nilikubali kushindwa kwa heshima, baada ya mjadala wa siku tatu.

Flora ametufafanulia. Kwa sasa mtoto anahudumiwa kwa kadi ya mama yake, lakini ukomo wa huduma hiyo uko karibu. Asipoandikishwa kwa jina lake mapema, na kliniki ya njiti bado ni ndefu, macho yapimwe, mapafu yapimwe, uzito ufuatiliwe, basi kila kipimo tutajilipia. Joshua hawezi kutoka, ndiye kifua cha zamu. Rebeka hawezi kusimama sawasawa. Wakatazamana. Nikaona wanavyotafuta mtu mwingine kwa macho, wakamkosa.

Nikasimama. Nikasema nimeelimika. Kesho alfajiri nitakuwa wa kwanza kwenye foleni, na jina nitalitaja bila kuombwa. Rebeka akasema, moja kwa moja, kwamba ananiamini. Niliona vigumu kulala.

Jumatatu, 25 Mei

Siku kuu.

Nilifika ofisini jua halijachomoza. Wa kwanza! Nyuma yangu wakajipanga wazazi, mabibi, vijana wenye vichanga. Wa pili alikuwa Mselemu, aliyekuja kumwandikisha mjukuu wake, maana Hajira naye amejifungua, dume, kilo za kutosha, jambo alilolitangaza kwa kila aliyepita.

Tukisubiri dirisha lifunguliwe, nikasikia mama mmoja akimwambia mwenzake kwamba hakuna haraka, kichanga anaweza kuandikwa baadaye, mvua zikianza. Baadaye! Damu ilinisimama. Je, ningenyamaza? Mimi, niliyeona kwa macho yangu chumba cha joto?

Nikapanda juu ya benchi.

Sijawahi kuzungumza vile. Nilianza na matembe ya Sepuka. Nikapita kwa mababu, nikagusa safu ya wanawake wenye kuni, nikafika kwa mtoto asiyekuwa na jina, na hapo akina mama watatu wakalia. Nikawaambia kuchelewa ni adui wa kichanga. Nikawaambia dirisha halimsubiri mtu. Dirisha lilipofunguliwa sikuona sababu ya kuvunja mtiririko, nikawapungia mkono wapite, waende, waandikishe, wasipoteze hata dakika moja. Wakapita. Wote wakapita, na waliokuja baadaye nao wakapita, na kila aliyetoka alinishika mkono. Mselemu alirudi akinipepea kwa karatasi ya mjukuu wake, akanivuta suruali mara mbili, akaninong’oneza kitu. Nilimwomba asubiri kipindi cha maswali.

Nilikuwa katika hitimisho, la tatu, lile zuri, niliposikia dirisha likifungwa. Mwandikishaji wangu mwenye miwani alitoka na ufunguo mkononi. Alisema nimemgusa sana, kwamba leo wamevunja rekodi ya ofisi, na kwamba kazi imekwisha.

Nimemtumia Rebeka ujumbe kwamba suala la Klara liko katika hatua nzuri.

Hakuna hasara. Siku bado zipo. Kesho nitawahi zaidi ya leo, ili utangulizi upate muda wake.